Alexander John hakuwa 'Windsor'
Wapo wanaomwandika mwanamfalme Alexander John kuwa 'Windsor'. Siafiki. Kitindamimba huyu wa Edward na Alexandra alizaliwa Sandringham, Uingereza, Aprili 6, 1871, akafariki kesho yake. Nyanyake, Malkia Victoria, alikuwa wa ukoo wa Hanover. Lakini huko enzi hizo nasaba ilifuata baba, na babuye, Albert, alikuwa Mjerumani wa Saxe-Coburg na Gotha. Ukoo wa mtoto ni huo basi. Windsor (jina la kasri tu, jamani!) lilikuja 1917, vita na Ujerumani vimepamba moto, nduguye, Mfalme George V, alipoacha jina la Kijerumani. Mtoto alikuwa kaburini miaka 46. Tunambandika Windsor kwa kipi?