Mbung'o, Ng'ombe na Mbwa Mwitu wa Unyamwezi

Anayetaka kujua kwa nini mbwa mwitu bado wapo magharibi mwa Tanzania asianzie kwenye sheria za uhifadhi. Aanzie kwa nzi. Mbwa mwitu huyu mwenye mabaka meusi, meupe na ya rangi ya dhahabu, masikio ya duara na vidole vinne tu kwa kila mguu, ametoweka katika sehemu kubwa ya Afrika. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimworodhesha kuwa hatarini kutoweka mwaka 1990, na linakadiria kuwa wazima waliobaki barani ni 6,600 hivi. Wanaozaa hawazidi 1,400, kwa kuwa katika kila kundi kwa kawaida ni jozi moja tu inayozaa na wengine huwa walezi. Tanzania ni moja ya nchi zilizobaki na wengi, na hao hawako katika hifadhi za Nyerere na Ruaha peke yake. Wapo pia katika miombo ya Rungwa na Ugalla, kusini na magharibi ya mji wa Tabora. Hawakubaki huko kwa sababu tuliwapenda, na ulinzi wetu umechangia kidogo kuliko tunavyojisifu. Walibaki kwa sababu nchi ile ilikuwa haimfai ng'ombe, na sababu hiyo sasa inaondoka.

Kwamba hatukuwapenda, ushahidi hauna shaka. Katika makoloni mengi ya Afrika mbwa mwitu alihesabiwa kuwa mharibifu, wa kupigwa risasi popote anapoonekana, na mara nyingine wapigaji walikuwa maofisa wale wale waliopewa kazi ya kutunza wanyama. Chuki hiyo ilitokana zaidi na namna anavyokula: kundi humkimbiza swala hadi achoke, kisha humpasua angali hai. Simba anayemkaba nyati koo kwa dakika kadhaa hatumwoni kuwa mkatili, tunamchora kwenye nembo. Ukipima kwa saa, swala aliyekamatwa na mbwa mwitu mara nyingi hufa upesi kuliko nyati yule. Na kundi hilo hilo likishaua, watoto ndio hula kwanza. Mama aliyebaki pangoni na walezi wake hutapikiwa nyama. Sisemi hivyo ili apendwe. Nasema tu kwamba hukumu tuliyompa ilitokana na macho yetu, haikutokana na hasara aliyotutia. Fisi ana bahati zaidi. Katika vijiji vya Unyamwezi na Usukuma wapo wanaoamini kuwa fisi apitaye usiku huenda ana mwenyewe, yaani mchawi, na hofu hiyo humfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kumgusa.

Sasa turudi kwa nzi. Mbung'o hunyonya damu na kubeba vijidudu vinavyomletea ng'ombe ugonjwa wa nagana na binadamu malale. Wanyamapori wengi huishi na vijidudu hivyo bila kuugua sana, kwa kuwa wamezoeana navyo kwa maelfu ya miaka. Ng'ombe hudhoofika na kufa, na mbwa wa nyumbani naye hufa. Hii ni moja ya sababu zilizofanya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, itegemee mabega ya wapagazi, Wanyamwezi wakiwa mashuhuri kuliko wote. Pembe za ndovu ziliteremka pwani kichwani mwa mtu, na vitambaa na shanga zikapanda bara kichwani mwa mtu. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alijaribu kuikwepa hali hiyo kwa kuleta tembo wanne waliofunzwa kutoka India, wakashushwa Msasani na kuanza safari ya bara kwa matumaini kuwa nzi hatawaweza. Mpango ukafa pamoja na tembo wenyewe. Penye mbung'o wengi hapakuwa na zizi. Pasipo na zizi hapakuwa na mchungaji wa kumchukia mbwa mwitu, wala mbwa wa kijiji wa kumwambukiza maradhi. Ulinzi wa namna hiyo hakuna askari wa wanyamapori aliyewahi kuutoa.

Ila tusidhani kuwa pori lile lilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, Unyanyembe, eneo linaloizunguka, ilikuwa nchi ya mashamba na mifugo. Kilimo, moto na malisho vilikuwa vimefyeka vichaka na kumsukuma mbung'o mbali. Miaka ya 1890 ikaja sotoka, ugonjwa wa mifugo uliofagia ng'ombe na nyati pamoja. Ikafuatiwa na njaa na vita vya ukoloni. Mashamba yakaachwa, vichaka vikarudi, wanyama wakaongezeka tena, mbung'o akarudi nao. Malale yalipozuka, serikali ya Waingereza ya Tanganyika iliwahamisha watu wa magharibi na kuwakusanya katika makazi machache, na nyuma yao nchi ikabaki tupu. Watafiti John Ford na Helge Kjekshus waliliandikia jambo hili vitabu katika miaka ya 1970, na hoja yao kuu bado imesimama: sehemu kubwa ya kile tunachokiita pori la asili ni makovu ya msiba wa watu.

Msomaji anaweza kupinga kwamba hifadhi ndizo zilizookoa wanyama, nzi ni hadithi ya zamani. Ni kweli kwamba leo bila hifadhi hali ingekuwa mbaya mno. Ugalla, iliyokuwa pori la akiba, ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Lakini tazama ramani: mapori ya akiba ya magharibi yalichorwa kwa kiasi kikubwa pale ambapo mfugaji hakutaka kukaa. Sheria ilikuja kupiga muhuri juu ya kazi iliyokwisha kufanywa na mdudu. Ndiyo maana warina asali wa Tabora na wanyama wakali wameweza kutumia msitu mmoja. Mwenye mizinga ya magome juu ya miti hana kitu ambacho mbwa mwitu anakitaka.

Hali hiyo inabadilika. Tumbaku, zao kubwa la Urambo, Kaliua na Sikonge, hula msitu mara mbili: mara ya kwanza kwa shamba, mara ya pili kwa kuni za mabani ya kukaushia majani. Wafugaji wa Kisukuma wameteremka na ng'ombe wao kwa makumi ya miaka, kutoka Shinyanga na Mwanza hadi Tabora, Katavi na Rukwa, wakifuata malisho. Dawa za kuogesha mifugo na vitambaa vya bluu na vyeusi vya kumnasa nzi vinafanya kazi. Je, basi tumwache mbung'o atulindie pori? Hapana. Malale huua watu, na hakuna haki ya kumwambia mkulima wa Kaliua abaki na ugonjwa ili mnyama apone. Nzi aondoke, ila tukubali kwamba akiondoka ameacha kazi isiyo na mtu, na bunduki na mabango ya mpaka haviwezi kuifanya peke yake.

Haviwezi kwa sababu ya virusi. Katika tambarare za Serengeti, hifadhi yenye ulinzi na wageni wengi kuliko karibu nyingine zote barani, makundi ya mbwa mwitu yaliyokuwa yakichunguzwa yalitoweka yote kufikia 1991. Simba na fisi wengi wa tambarare walikuwa wamekwisha kuwabana, lakini kichaa cha mbwa kilithibitishwa miongoni mwa mbwa mwitu hao. Miaka mitatu baadaye distempa, nao ni ugonjwa wa virusi wa jamii ya mbwa, iliua kiasi cha theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mwaka 2017 ugonjwa huo huo ulikaribia kuwamaliza mbwa mwitu wa Laikipia, Kenya. Katika milima ya Bale, Ethiopia, mnyama mwekundu wa jamii ya mbwa aliye ndugu wa karibu wa mbwa mwitu wa Ulaya, ambaye duniani kote hafikii 500, amepigwa na kichaa cha mbwa tena na tena. Mbwa wa nyumbani wasiochanjwa ndio wanaoshukiwa zaidi kuwa chanzo. Rafiki yetu wa mlangoni amewaua jamaa zake wengi kuliko tunavyodhani.

Mfugaji naye ana pingamizi lake, na ni zito: maneno haya hayamrudishii mbuzi wake. Huko huko Laikipia, kabla ya distempa, mtafiti Rosie Woodroffe na wenzake walichunguza suala hili na kuchapisha matokeo mwaka 2005. Penye digidigi na wanyama wengine wa porini, hata wachache, mbwa mwitu walivamia mifugo kwa wastani mara moja hivi kwa mwaka katika eneo la kilomita za mraba 1,000. Pale wanyama wa porini walipokwisha, hasara ilikuwa kubwa. Kwa hiyo mitego ya nyaya inayotegwa kwa ajili ya nyamapori humdhuru mfugaji kwa mlango wa nyuma. Inamaliza funo na swala, inamnasa na mbwa mwitu mwenyewe, kisha wanaobaki wanageukia mbuzi. Zizi zuri la miiba husaidia, ila mbwa mwitu huwinda zaidi alfajiri na jioni, mifugo ikiwa machungani. Mtu mzima anayechunga kwa makini ni kinga bora kuliko mtoto wa miaka minane aliyeachiwa kundi zima.

Serikali ina kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioathiriwa na wanyama wakali, na malalamiko ya kuchelewa kwake husikika bungeni mara kwa mara. Hata fedha hizo zikilipwa siku hiyo hiyo, zinakuja baada ya mbuzi kufa. Kwa upande wa maradhi, chanjo ya mbwa wa vijijini hutangulia madhara. Kwa kichaa cha mbwa, lengo linalokubalika duniani ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, na kurudia karibu kila mwaka kwa kuwa mbwa wa vijijini hawaishi sana na watoto wapya huzaliwa. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa hicho huambukizwa na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa yao, kwa hiyo kampeni hiyo ingestahili hata kama pasingekuwa na mbwa mwitu hata mmoja Ugalla. Hatari inaanzia kijijini na madhara yanaingia hadi hifadhini, ilhali kijiji ni cha halmashauri na hifadhi ni ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA. Vijiji vya kuanzia ni vile ambavyo mbung'o amevihama karibuni, kwa sababu huko ndiko mbwa na ng'ombe wanakoingia mwaka huu.