Kiharusi Hakingoji Uzee

Kijana wa miaka 28 ameamka mzima na kwenda shambani. Kabla ya adhuhuri mkono mmoja umelegea, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Kijijini watu husema nini? Amepigwa na upepo, au huu ni mkono wa mtu. Basi jamaa huuza mbuzi, wakamtafuta mganga, na siku tatu zikapita kabla mgonjwa hajafikishwa hospitali.

Maradhi haya ni kiharusi. Hayako mkononi wala mdomoni, yako kichwani. Mshipa upelekao damu kwenye ubongo umezibwa na bonge la damu, au umepasuka. Sehemu ya ubongo iliyonyimwa damu huanza kufa kwa dakika chache. Ni kweli wazee ndio wapatwao zaidi, lakini vijana nao wana sababu zao.

Tuanze na koo. Mtoto anaumwa koo na homa, mama anampa maji ya chumvi, baada ya siku chache anacheza. Lakini maumivu mengine ya koo huletwa na vijidudu ambavyo, visipouawa kwa dawa kama penisilini, huweza kuleta homa ya viungo majuma mawili matatu baadaye. Magoti huvimba, kisha hupona. Moyo ndio usiosahau. Vilango vyake, vile vinavyozuia damu isirudi nyuma, hubaki na makovu. Mtoto hukua, huolewa, ila akipanda mlima huhema kuliko wenzake. Damu ikituama katika moyo huo huweza kuganda, na bonge likapanda hadi ubongoni. Hivyo kiharusi cha mama wa miaka 30 chaweza kuwa kilianzia kooni alipokuwa na miaka 9.

Wenye ugonjwa wa selimundu nao hupatwa, hata wakiwa watoto wadogo. Wazazi wasiache kliniki kwa kuwa mtoto anaonekana mzima. Virusi vya UKIMWI visivyotibiwa, sigara, na kifafa cha mimba vimo pia katika hesabu.

Halafu presha, ambayo haiumi. Ikifika 140 kwa 90 mara kwa mara, si ya kupuuzwa hata kwa kijana. Wataalamu waliohesabu wagonjwa wapya wa kiharusi kati ya 2003 na 2006 waliona kwamba, umri ukilinganishwa, Dar es Salaam walipatwa karibu mara tatu kuliko vijijini wilayani Hai. Wanaotamani mjini na wasikie.

Akipatwa mtu, asipewe uji wala dawa ya kunywa. Huenda koo nalo limepooza, na uji ukaingia mapafuni. Mlazeni kwa ubavu, mtafute gari au machela. Padre aitwe, ndiyo, lakini gari lisimngoje. Atamkuta mgonjwa hospitali. Tena ikumbukwe saa mkono ulipolegea, maana daktari ataiuliza mapema.