Usafishaji wa kaboni katika injini ya gari

Usafishaji wa kaboni katika injini ni kazi ya kuondoa masizi na ganda jeusi linalojengeka ndani ya injini ya petroli au dizeli baada ya gari kutembea kilomita nyingi. Ganda hilo hupatikana juu ya pistoni, kwenye kuta za chumba cha mwako, kwenye valvu, nozeli, plagi, na katika njia ya kuingizia hewa. Sehemu ya kazi hiyo inaweza kufanywa nyumbani na mtu mwenye spana chache na subira. Sehemu nyingine ni ya fundi, na ikifanywa vibaya inaweza kuua injini ambayo ilikuwa bado inatembea.

Matokeo hutegemea mahali kaboni ilipo na ilikotoka. Dawa inayosafisha valvu za injini ya aina moja haifiki kabisa kwenye valvu za aina nyingine, na injini inayokula oili hujaa kaboni upya hata ikisafishwa vizuri namna gani.

Asili ya kaboni

Petroli na dizeli ni michanganyiko ya hidrokaboni. Zikipata hewa na joto la kutosha huungua na kutoa hasa dioksidi ya kaboni na mvuke wa maji. Hewa ikipungua, au silinda ikiwa bado baridi, sehemu ya mafuta haiungui yote na huacha masizi. Masizi hayo yakikutana na oili hupikwa na joto la injini mpaka yanakuwa ganda gumu, kama ukoko ulioshika kwenye sufuria.

Oili huingia mahali isipotakiwa kwa njia kadhaa. Ringi za pistoni zikichakaa au zikikwama kwenye mifereji yake, oili hupanda kutoka chini. Sili za valvu zikikauka, oili huchuruzika kutoka juu. Hata injini nzima hupata kiasi fulani, kwa kuwa mvuke wa oili kutoka sehemu ya chini ya injini hurudishwa kwenye njia ya hewa kupitia valvu ya PCV ili uungue badala ya kutupwa nje. Injini zenye valvu ya EGR hurudisha pia sehemu ya moshi wa ekzosi, na moshi huo una masizi yake.

Safari fupi huongeza tatizo. Ncha ya plagi hujisafisha yenyewe ikifikia takriban nyuzi 450 za Selsiasi, kwa sababu masizi yaliyoishika huungua. Gari linalopeleka watoto shuleni na kuzimwa, au linaloshinda kwenye foleni, huenda lisikae katika joto hilo kwa muda wa kutosha. Kwa hiyo gari la mjini lenye kilomita chache linaweza kuwa chafu ndani kuliko gari la safari ndefu lenye kilomita nyingi.

Katika Afrika Mashariki kuna sababu nyingine, nayo ni uchakachuaji wa mafuta. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli huvukizwa kwa shida zaidi, huungua vibaya katika injini ya petroli, huacha masizi na kuifanya injini igonge. Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili wachakachuaji wagundulike. Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kwa lengo la kuondoa faida iliyokuwa ikipatikana kwa kuyachanganya.

Dalili na uchunguzi

Injini yenye kaboni nyingi huwaka kwa shida asubuhi, hutetemeka gari likiwa limesimama, hupungua nguvu, na pengine hugonga inapopanda mlima. Kugonga huko hutokea kwa sababu ganda hupunguza nafasi ya chumba cha mwako na hushika joto, hivyo mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka kabla au nje ya utaratibu wa cheche. Hata hivyo dalili hizo zote zinaweza kuletwa na koili mbovu, plagi iliyokwisha, pampu dhaifu au mpira wa hewa uliopasuka. Wenye magari wengi hununua dawa ya kaboni kabla ya kutazama vitu hivyo, ambavyo ni rahisi kuvikagua.

Kipimo cha kwanza ni plagi. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kijivu au kahawia hafifu kwenye ncha. Ikiwa nyeusi na kavu, yenye masizi yanayochafua kidole, mafuta yanazidi hewa: kichujio cha hewa kimeziba, sensa ya oksijeni imechoka au nozeli inavuja. Ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa oili, oili inaingia kwenye silinda hiyo. Moshi wa bluu kwenye ekzosi, hasa gari linapowashwa baada ya kulala, husema jambo hilohilo. Oili ijazwe hadi alama ya juu ya kijiti cha kupimia, kisha ipimwe tena baada ya kilomita mia kadhaa, ili kiasi kinachopotea kijulikane. Kwa wanaotaka kuona kwa macho, zipo kamera ndogo za waya zinazounganishwa na simu na kupitishwa kwenye tundu la plagi.

Tofauti ya mifumo ya mafuta

Katika injini nyingi za petroli nozeli hupuliza mafuta kwenye njia ya hewa, nyuma ya valvu ya kuingizia. Mfano ni 1NZ-FE ya Toyota, iliyo ndani ya Probox, Vitz na IST nyingi zinazotembea Kenya na Tanzania. Petroli huosha mgongo wa valvu kila inapopulizwa, na dawa iliyotiwa kwenye tangi hufika hapo.

Katika injini zenye upulizaji wa moja kwa moja, petroli huingia ndani ya silinda na haigusi mgongo wa valvu kamwe. Mitsubishi iliuza magari ya petroli ya aina hii kwa jina la GDI kuanzia 1996, na Toyota ilifuata kwa jina la D-4. Injini ya 1AZ-FSE, inayopatikana katika baadhi ya Noah, Voxy na Wish zilizotoka Japani, ni ya kundi hilo. Valvu zake hupokea mvuke wa oili bila kuoshwa na chochote, na baada ya miaka huota ganda nene linalobana hewa. Kwa injini hizo dawa ya tangi inaweza kusafisha nozeli na juu ya pistoni, lakini si valvu za kuingizia, hata chupa iandikwe nini. Toyota baadaye ilitengeneza mfumo wa D-4S wenye nozeli za aina zote mbili katika injini moja.

Kazi zinazoweza kufanywa nyumbani

Kusafisha kizibo cha hewa, ambacho mafundi hukiita throto, ndiyo kazi nyepesi kuliko zote na mara nyingi huondoa mtetemo peke yake. Bomba la hewa hufunguliwa, na utando mweusi kuzunguka kisahani hufutwa kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa ya kusafishia throto. Throto za kisasa huendeshwa na mota ya umeme. Kisahani chake kisisukumwe kwa kidole wakati swichi imewashwa, kwa sababu kinaweza kujifunga ghafla na kuumiza, na kukilazimisha huvunja giya zake ndogo. Sensa inayopima hewa haioshwi kwa dawa hiyo; ina dawa yake. Baada ya kazi injini inaweza kuunguruma juu kuliko kawaida mpaka kompyuta izoee upya.

Dawa ya tangi ni njia ya pili. Zinazofanya kazi vizuri dhidi ya ganda la chumba cha mwako ni zile zenye kisafishaji kiitwacho polietheramini, kwa kifupi PEA. Humiminwa kwa kipimo kilichoandikwa, tangi likajazwa, kisha gari likatumika kwenye safari ndefu badala ya kuzungushwa mtaani. Kazi yake ni ya polepole. Kuendesha kwa mzunguko wa juu barabara kuu, injini ikiwa imepata moto, pia huunguza sehemu ya masizi laini kwenye silinda, ila hakuondoi ganda la valvu.

Kuloweka pistoni ni kazi kubwa zaidi, na hufaa pale ringi zinapodhaniwa kuwa zimekwama. Plagi zote hutolewa. Kranki huzungushwa kwa spana mpaka pistoni zote ziwe katikati ya mwendo wake, kisha dawa ya kuyeyusha kaboni humiminwa kidogo katika kila silinda na kuachwa kwa saa kadhaa, wengine usiku mzima. Baadaye dawa iliyobaki hunyonywa kwa bomba la sindano. Umeme wa koili na fyuzi ya pampu ya mafuta huondolewa, matundu hufunikwa kwa matambara, na starta huzungushwa ili kinachobaki kirushwe nje. Mtu asiiname juu ya matundu hayo. Kwa kuwa dawa nyingi hupenya ringi na kushuka chini, oili na kichujio chake hubadilishwa kabla injini haijawashwa. Moshi mwingi wa mwanzo ni wa kawaida. Gari liwe nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Petroli haifai kwa kuloweka: mvuke wake hushika moto kwa cheche moja ya starta.

Hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii ni kurudisha plagi wakati maji au dawa bado imo ndani ya silinda. Kimiminika hakibanwi kama hewa. Injini ya 1NZ-FE ina sentimita za ujazo 1497 na uwiano wa mbano wa 10.5 kwa 1. Pistoni inapofika juu, nafasi inayobaki katika kila silinda ni takriban mililita 40, yaani haifiki vijiko vitatu vya chakula. Kimiminika kikizidi hapo, pistoni hugonga ukuta usiosogea, na konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, hupinda au kuvunjika.

Kwa sababu hiyohiyo desturi ya kumimina maji kwenye njia ya hewa injini ikiwa inaunguruma ni ya kuogopwa. Ilitokana na enzi za kabureta, na ni kweli kwamba mvuke hulegeza kaboni. Lakini mkono ukiteleza na maji kuingia kwa wingi, gharama yake ni injini nyingine.

Injini za dizeli

Dawa za kupuliza zilizotengenezwa kwa petroli hazipulizwi kwenye njia ya hewa ya dizeli inayounguruma. Dizeli haihitaji cheche. Chochote kinachowaka kikiingia pamoja na hewa huwa mafuta yake. Injini inaweza kupanda mzunguko bila kudhibitika, na kuzima swichi kusisaidie. Kwa dizeli, valvu ya EGR na bomba la kuingizia hewa hufunguliwa na kusafishwa nje ya gari, huku gaskiti mpya zikiwa tayari.

Kazi za gereji

Ganda gumu la valvu katika injini za upulizaji wa moja kwa moja huondolewa kwa kupuliza maganda ya jozi yaliyosagwa kwa hewa ya kompresa. Maganda hayo ni magumu ya kutosha kuvunja kaboni na laini ya kutosha kutokwangua chuma. Valvu ya silinda inayosafishwa lazima iwe imefungwa, la sivyo chembe huingia ndani.

Njia ya mwisho ni kufungua hedi na kukwangua. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kazi hiyo ilikuwa sehemu ya kawaida ya matunzo ya gari. Oili na petroli bora ndizo zilizoifanya iwe nadra. Hedi za sasa nyingi ni za alumini, hivyo kikwanguo cha chuma huacha mikwaruzo kwenye uso wa gaskiti. Gaskiti mpya na spana inayopima nguvu ya kukaza ni vya lazima.

Hofu ya kusafisha injini kuukuu

Husemwa mara nyingi kwamba kaboni ndiyo inayoishikilia injini kuukuu, na kwamba ikisafishwa itakufa. Kauli hiyo ina ukweli kidogo. Kipande cha ganda kikibanduka kinaweza kukwama kati ya valvu na kikalio chake, na mbano wa silinda hiyo ukapotea mpaka kitoke au kiungue. Vilevile uchafu mwingi ukitupwa kwa pamoja huweza kuziba kichujio cha kemikali cha ekzosi, ambacho wengi hukiita masega. Lakini ringi zilizolika hazikuwa zimezibwa na kaboni. Zilikuwa zimelika tayari. Kuloweka hulegeza ringi iliyokwama, haimrudishii mtu ringi iliyokwisha. Mbano ukipimwa kabla na baada ya kazi, ubishi huu huisha kwa tarakimu.

Oili chafu na dawa iliyotumika hukusanywa kwenye dumu na kupelekwa gereji inayokusanya oili chakavu. Zikimwagwa uani huzama ardhini na zinaweza kufika kisimani.