Usimwapishe

Kuna swali ambalo vijana huniuliza mwishoni kabisa, mtu ameshasimama kuondoka na mkono uko kwenye kitasa cha mlango: "Ukigundua rafiki yako anajikata, unafanyaje?" Nikimuuliza yeye amefanya nini mpaka sasa, jibu mara nyingi ni lilelile. Amemwapisha. Amemshikisha Msahafu au Biblia, au amemwambia, "Niapie kwa jina la mama yako kwamba hurudii." Namwelewa. Kiapo humpa usingizi aliyeapisha. Aliyeapa humpa siri ya pili.

Mtu anayejidhuru, mara nyingi, hataki kufa. Anatafuta nafuu. Moyo umefurika hasira isiyo na pa kwenda, au fedheha, au jambo alilotendewa ambalo hajawahi kulitamka, na maumivu ya mwili yanapotulia, dhiki ya ndani nayo hupungua kidogo. Wengine hali yao ni kinyume: wamekufa ganzi, wanataka angalau kuhisi kitu. Wengine wamejihukumu na wanatekeleza adhabu wenyewe. Lakini nafuu hiyo haikai. Ikiondoka huacha aibu, na aibu ni sehemu ya mzigo uleule uliomfikisha pale, kwa hiyo anarudi alikoanzia akiwa amelemewa zaidi. Mzunguko wa namna hiyo haukatwi kwa amri.

Sasa mwapishe mtu huyo. Wiki ya tatu analemewa, anarudia. Mwanzo alikuwa na dhiki yake tu. Leo amevunja kiapo, amekusaliti wewe, na kama alishika kitabu kitakatifu anaona amemkosea na Mungu. Utaambiwa? Utamwona tu na sweta la mikono mirefu, Dar es Salaam, mwezi wa pili, anasema ana baridi.

Sweta hilo lingetosha kuwajibu wanaosema "anatafuta kiki tu". Mtafuta kiki hajifichi jua kali namna hiyo. Na hata yule anayekuonyesha jeraha kusudi, bado kuna kitu anakiomba ambacho kimemshinda kukisema kwa mdomo, na kumwita mwigizaji hakutamsaidia kukisema. Nyumba nyingine husema ni mapepo. Sina ugomvi na dua. Ugomvi wangu ni pale dua inapogeuka fimbo, au inapomchelewesha mtu hospitali.

Wala si jambo la watu wachache. Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, uliochapishwa mwaka 2014, ulikadiria kwamba vijana balehe kama 17 katika kila 100 wamewahi kujidhuru bila nia ya kufa. Nyingi ya tafiti hizo ni za nchi tajiri, lakini mwalimu yeyote wa bweni hapa kwetu hatashangaa. Habari njema ilitoka Australia mwaka 2012: vijana walifuatiliwa tangu shuleni hadi wakakaribia miaka 30, na katika waliokuwa wakijidhuru wakiwa wadogo, tisa kati ya kumi walikuwa wameacha.

Basi umeona alama mkononi. Usimkalishe kitako mkatazamana kama polisi na mtuhumiwa. Tembeeni, au osheni vyombo pamoja, macho yawe na pengine pa kutazama. Mwambie, "Nimeona mkono wako. Sikugombezi. Ukitaka kuniambia, nipo." Kisha nyamaza. Ukimya wa dakika mbili huwashinda wengi, wakakimbilia kutoa nasaha, na hapo mlango hufungwa. Usimpekue begi, usimwambie akufunulie makovu, na picha usipige kabisa, hata ya kumwonyesha mwingine kwa nia njema. Picha ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp haitoki. Kilichotokea kabla ya jeraha kina maana kuliko jeraha. Uliza hicho. Jeraha likiwa bichi au kubwa, nenda naye kituo cha afya na ubaki naye ndani, kwa kuwa wapo wahudumu wanaosafisha kidonda huku ulimi wao unachimba kingine.

Kuna swali moja gumu nalo lazima uliulize, kwa maneno ya wazi: "Je, unafikiria kufa?" Watu huogopa kwamba kuuliza ni kumpandikizia wazo. Tafiti hazijaonyesha hivyo. Wengi huona wametuliwa mzigo. Ni lazima uulize kwa sababu kujidhuru, hata bila nia ya kufa, huongeza hatari ya mtu kujaribu kujiua baadaye. Akisema ndiyo, na hasa akiwa ameshapanga, usimwache peke yake hata kidogo. Mwite mtu mzima wakati huohuo, mpelekeni hospitali. Kwa mtoto, Tanzania na Kenya zote mbili zina namba 116, simu ya bure.

Hapo ndipo yeye atataka kukuapisha wewe: "Usimwambie mtu." Usiape. Sema, "Sitatangaza, ila maisha yako yakiwa hatarini nitasema, na wewe utajua kabla sijasema." Kisha mchague pamoja mtu wa kuambiwa. Pengine ni shangazi, pengine mwalimu wa malezi, mradi si yule anayewatangaza watoto mstarini asubuhi. Hofu ya kujitokeza ina mizizi hata katika sheria. Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Familia zilizoishi na sheria ya aina hiyo kwa vizazi hujifunza kuficha.

Tiba ipo. Mojawapo inayojulikana sana ilibuniwa na mwanasaikolojia Mmarekani Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, na majaribio yake yalichapishwa mwaka 1991. Hufundisha ustadi wa kuivuka saa mbaya bila kuifanya kuwa mbaya zaidi: kupumua polepole, kuosha uso kwa maji baridi, kuipa jina hisia iliyokuvaa. Miaka 20 baadaye, mwaka 2011, Linehan alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe, akiwa na miaka 17, alilazwa hospitali ya magonjwa ya akili na alikuwa akijidhuru. Wewe si mtaalamu na hutakiwi kuwa. Lakini unaweza kusema, "Ikikujia, nipigie kabla," na simu ikilia saa nane za usiku kuna siku utaipokea na kuna siku utakuwa umelala. Mwambie hilo mapema, mumtafute na mtu wa pili wa kupigiwa.

Na siku moja atakwambia, "Nimerudia." Mshukuru kwa kukwambia. Muulize kidonda kikoje, siku yake ilikuwaje, kisha kesho yake mpigie kwa jambo lisilohusu kidonda kabisa. Muulize kama aliiangalia mechi ya Simba na Yanga.