Nyumba Shirimatunda, Ufunguo Ughaibuni

Ndugu zetu wengi wanaotafuta riziki Muscat, Dubai na Doha wana desturi njema ya kuwajengea wazazi wao nyumba kabla ya kujijengea wenyewe. Katika kata ya Shirimatunda, hapa Manispaa ya Moshi, nyumba hizo siku hizi haziji na geti na komeo peke yake. Huja na kamera kwenye kona za ukuta, kengele ya mlangoni yenye jicho, taa za kuwashwa kwa simu na, kwa wenye uwezo zaidi, kitasa kisicho na ufunguo. Mtoto aliye Oman humwona anayebisha hodi kwa mama yake kabla mama mwenyewe hajainuka kwenye mkeka. Hatulibezi jambo hilo. Kumwangalia mzazi ni katika wema, na wezi wapo.

Bibi mmoja wa kata hiyo, anayeishi na mjukuu wake, aliwekewa na mwanawe kamera nne pamoja na taa za uani zinazotii simu. Fundi aling'oa swichi ya ukutani kwa hoja kwamba haina kazi tena. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, kamera zile zilibaki ukutani zikimetameta bila kumwonyesha mtu chochote. Mwana aliyeko Muscat hakupata picha wala sauti, katika siku zilezile ambazo kila aliye nje ya nchi alikuwa na hofu juu ya watu wake. Bibi alikuwa mzima, amekaa barazani. Ila uani kwake palikuwa giza usiku baada ya usiku, na umeme ulikuwepo.

Linalohitaji kueleweka hapo ni safari ya amri yenyewe. Mtu akibonyeza simu ili kuwasha taa iliyo hatua tatu mbele yake, ujumbe hautoki kwenye simu kwenda kwenye taa. Hutoka nje ya nyumba, hupita kwenye mnara au waya wa kampuni ya mawasiliano, huingia katika mkongo wa chini ya bahari, hufika kwenye kompyuta ya kampuni iliyotengeneza taa, kisha hurudi Shirimatunda kwa njia hiyohiyo. Kinachoitwa wingu ni kompyuta hizo za watu wengine, zilizo mbali. Kiungo kimoja kikikatika, taa haiwaki. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi yetu pamoja na majirani zetu wakakaa na intaneti ya kusuasua kwa siku nyingi.

Wenye mikongo mingi nao hawakusalimika. Tarehe 20 Oktoba 2025 kompyuta za Amazon zilizoko kaskazini mwa Virginia, Marekani, zilipata hitilafu, na miongoni mwa vilivyokwama ni vitanda vya kampuni ya Eight Sleep ambavyo joto lake huongozwa kwa intaneti. Watu walilala kwenye magodoro yaliyochemka wasijue pa kuyazimia. (Kitanda cha kamba hakijawahi kumfanyia mtu hivyo.) Kuna pia kampuni inayozima kwa hiari yake. Kifaa cha Revolv, kilichouzwa Marekani kwa dola zipatazo 300 ili kuongoza taa na milango, kiligeuka kopo tupu tarehe 15 Mei 2016, pale kampuni ya Nest iliyokuwa imeinunua Revolv ilipofunga kompyuta zake. Mnunuzi alikuwa amelipa fedha taslimu, na kifaa hakikuwa kimeharibika.

Si kwamba haiwezekani kutengeneza kifaa kinachojitegemea. Karibu kila nyumba ya Moshi ina kimoja ukutani: mita ya LUKU. Ukinunua umeme unapewa tarakimu 20. Tarakimu hizo ni ujumbe uliofungwa kwa siri, na mita huufungua yenyewe kwa siri iliyowekwa ndani yake, bila kumuuliza mtu yeyote popote. Mita ya Kibosho mahali ambapo simu haishiki huzisoma sawasawa na mita ya Kariakoo. Ili tokeni moja isitumike mara mbili, kila tokeni hubeba hesabu ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa dakika 16,777,216 tu. Nafasi hiyo ilikuwa inakwisha tarehe 24 Novemba 2024, kwa mita za aina hiyo duniani kote. Ndiyo sababu TANESCO iliwataka wateja waingize mafungu mawili ya tarakimu kabla ya lile la umeme. Wengi walinung'unika. Hata hivyo, kila familia iliirekebisha mita yake kwa vidole vyake, ndani ya nyumba yake.

Udhaifu wa LUKU uko kwenye ununuzi, unaotegemea mfumo mmoja wa mbali. Mfumo huo ulipokwama Mei 2021 kwa siku kadhaa, watu walipanga foleni kwenye ofisi za TANESCO wakiwa na fedha mkononi. Aliyekuwa na uniti zake ndani ya mita hakuguswa.

Kwa familia ya Kiislamu liko jambo zito kuliko giza. Surat an-Nur inatufundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba isiyo yetu, na makusudio yake ni kuhifadhi stara ya waliomo. Kamera inayotazama ua ambamo mama na mabinti hufua bila mtandio, na kupeleka picha hizo kwenye kompyuta ya ng'ambo, imefungua mlango ambao hakuna aliyebisha. Mwaka 2023 kampuni ya Ring, mali ya Amazon, ilikubali kulipa dola milioni 5.8 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki kwamba wafanyakazi wake waliweza kutazama picha za ndani ya nyumba za wateja, na kwamba mmoja wao alitazama maelfu ya picha za wanawake, zikiwemo za vyumbani.

Kwa hiyo, kabla fundi hajapanda ngazi, aulizwe: intaneti ikikatika, hiki kitafanya kazi? Kamera zenye kinasa chake na diski yake ndani ya nyumba zinapatikana, na bibi anaweza kuzitazama kwenye televisheni hata bando likiisha. Mwana aliye mbali ataona mtandao ukiwepo. Kamera ielekee geti, isielekee ua. Swichi ya ukutani isiguswe, na kitasa kiwe na tundu la ufunguo wa chuma. Nywila nayo iandikwe na kuwekwa kwa mtu wa pili mwaminifu, kwani nyumba nyingi hizi zimesajiliwa kwa namba ya simu ya Oman, na siku mkataba wa kazi ukiisha na laini ikafungwa, anayeishi ndani ndiye atakayeonekana mgeni.