MUSANDA: KIUNGA CHA MJI ULIOJENGWA NA MISAFARA

Nyumbani kwetu Mombasa, mtu akitumwa dukani akakawia kurudi, huulizwa kwa kejeli: "Ulikwenda Kwa Shiundu?" Tulipokuwa wadogo hatukujua Kwa Shiundu ni wapi. Tulidhani ni nchi ya kwenye hadithi, kama ile ya majini na mashetani. Ndipo bibi yetu siku moja alipotueleza kwamba babu mzaa babu yake aliaga mlangoni, akafuata msafara wa pembe kwenda bara, na hadi leo hajarudi. Nchi aliyoitaja siku ya kuaga ilikuwa hiyo.

Basi mwaka huu, nami nimekwisha kuivuka hamsini, nilipanda basi nikaifuata njia yake. Yeye alikwenda kwa miguu miezi na miezi. Mimi nililala usiku mmoja kitini, asubuhi nikaamkia Kisumu, na kabla ya adhuhuri nilikuwa Mumias. Hapo nilichukua bodaboda hadi Musanda. Kijana aliyenipakia aliniuliza nakwenda kwa nani. Nilimjibu kwamba hata mimi sijui.

Ndugu msomaji, Musanda leo ni wadi moja ya jimbo la Mumias Magharibi, katika Kaunti ya Kakamega. Ukiutazama mji wa Mumias kama nyumba, basi Musanda ni kama ua wake: kiunga chenye mashamba ya miwa na mahindi, migomba nyuma ya nyumba, soko kando ya barabara, na watoto wa shule wakitembea kwa safu ukingoni. Salamu ya huku ni "Mulembe", maana yake amani. Nasi wa Pwani tukiitikia kwa salamu yetu ya amani, pana wengi huku wa kuirudisha.

MJI WA NABONGO

Historia ya kiunga haielezeki bila ya mji wake. Hapa ni nchi ya Wawanga, ambao tangu kale walikuwa na mfalme aitwaye Nabongo, kutoka ukoo wa Abashitsetse. Makabila mengi ya Waluhya yaliongozwa na wazee wa koo. Wawanga walikuwa na kiti cha enzi, na jambo hilo ndilo lililowavuta wageni. Mfanyabiashara apendalo ni mlango mmoja wa kubisha na mtu mmoja wa kukubaliana naye.

Katika zama za Nabongo Shiundu, misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa imekwisha kuizoea nchi hii. Walitoka Pwani na nguo za merikani, shanga na nyaya za shaba, wakapita Taveta, wakapanda hadi Naivasha na Baringo, kisha wakashukia huku Nzoia. Walichokitafuta ni pembe za ndovu, na pamoja na pembe, tuseme kweli, walitafuta watumwa. Shiundu alifariki dunia mwaka 1882 na mwanawe Mumia akashika pahala pake. Joseph Thomson, mpelelezi kutoka Scotland, alipofika mwaka 1883, aliikuta njia imekwisha kanyagwa na watu wetu, na mahali penyewe akapaita kama walivyopaita wao: Kwa Shiundu. Baadaye jina likageuka kuwa Kwa Mumia, na Wazungu wakalitia "s" yao mwishoni, likawa Mumias. Wenyeji wa zamani hupaita Lureko.

Baada ya Thomson walikuja wengi. Askofu James Hannington alipita hapa mwaka 1885, akauacha sehemu kubwa ya msafara wake kwa Mumia, akaendelea na watu wachache hadi Busoga. Huko aliuawa mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Mabaki yake yaliletwa kwanza kwa Mumia, na mwaka 1892 yakazikwa Namirembe, Uganda. Kisha ikaja serikali ya Waingereza. C. W. Hobley aliweka kituo chake hapa katikati ya miaka ya 1890, na mwaka 1895 Wawanga walikuwa upande wa Waingereza katika vita dhidi ya Wabukusu pale Chetambe. Vita hivyo Wabukusu hawajavisahau. Hadi mwaka 1902 nchi hii ilihesabiwa kuwa ni sehemu ya Uganda, ndipo ikahamishiwa upande wa himaya ambayo leo ni Kenya.

Mwaka 1909 Waingereza walimfanya Mumia kuwa chifu mkuu, na ndugu zake wakatumwa kutawala makabila jirani. Kwa Wawanga hiyo ilikuwa heshima. Kwa waliotawaliwa ilikuwa shubiri. Nabongo Mumia, aliyekuwa amesilimu na watu wengi wa nyumba yake, alifariki mwaka 1949 akiwa mkongwe mno.

PEMBE, RELI NA MIWA

Mji uliojengwa na njia hufa njia inapohama. Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani, pale panapoitwa Kisumu leo, mwezi wa Desemba 1901, na Mumias ikaachwa kando. Mpagazi hakuhitajika tena, wala hapakuwa na sababu ya msafara kupiga kambi kwa Nabongo. Mwaka 1920 makao ya serikali nayo yakahamishiwa Kakamega. Wafanyabiashara wa Pwani waliokuwa na pa kurudi wakarudi. Wasiokuwa na pa kurudi, au waliokwisha kuoa na kulima, wakabaki.

Zikapita zaidi ya nusu karne, ikaja biashara ya pili. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971, na kiwanda kikaanza kusaga miwa mwaka 1973. Hapo ndipo Musanda ilipogeuka sura. Mashamba ya mawele na mtama yakawa miwa hadi mlangoni pa nyumba. Trekta zikajaa barabarani, watoto wakilipiwa karo kwa miwa, mabati yakipanda juu ya nyumba kwa miwa, mahari yakitolewa kwa miwa. Kampuni ikakua hata ikawa kubwa kuliko zote za sukari katika Kenya, na mwaka 2001 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la Nairobi.

Halafu nayo ikayumba. Madeni yalipanda, wakulima wakakaa bila kulipwa miwa waliyokwisha kuikata, wengine wakaing'oa na kupanda mahindi. Mwezi wa Septemba 2019 kampuni iliwekwa chini ya meneja wa kuwasimamia wadai. Mwishoni mwa mwaka 2021 kiwanda kikakodishwa kwa kampuni ya kutoka Uganda, na kesi zikafuatana mahakamani.

Si Mumias pekee iliyopatwa na mkasa wa namna hii. Huko Wales, katika mji wa Cardiff, kiko kiunga kiitwacho Butetown, ambacho mabaharia walikiita Tiger Bay. Kilijengwa na makaa ya mawe. Mwaka 1913 bandari ya Cardiff ilisafirisha zaidi ya tani milioni 10 za makaa, na waliochochea moto katika meli hizo walikuwa Wasomali, Wayemeni, watu wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Karibi. Walioa wanawake wa huko, wakajenga zawia na misikiti, wakazikwa huko. Makaa yalipokwisha thamani, nyumba nyingi za zamani zikabomolewa katika miaka ya 1960. Lakini watu wa asili hizo wangalipo, na wakiulizwa kwao ni wapi, huonyesha chini walipokanyaga.

SWALI LA BIBI

Nilikaribishwa katika ua wa mzee mmoja, aliyewahi kuuza miwa kiwandani kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliniletea kiti chini ya mwembe. Mkewe akaandaa ugali, kuku na mboga ya mrenda, nasi tukala kwa mkono kutoka sinia moja. Nilimweleza habari ya babu yetu aliyepotea.

"Maalim," akaniambia, "wewe watafuta mtu mmoja. Hapa walibaki wengi. Walichukua wake, wakapewa mashamba, watoto wao wakawa Wawanga. Huyo wako huenda ni babu wa nusu ya watu utakaosimama nao safu moja Ijumaa. Utamjuaje?"

Nikacheka, naye akacheka. Lakini mama yake mzee, ambaye muda wote alikuwa kimya mlangoni akichambua maharagwe, aliinua kichwa. Akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu: "Mwanangu, wewe umekuja kumwuliza wako mmoja aliyebaki huku kwa hiari yake. Na wetu waliochukuliwa kwenda kwenu, nani atakuja kuwauliza? Mliwaweka wapi?"

Ndugu msomaji, mimi nimesoma chuoni, nimeandika mashairi tangu ujana, na maneno ndiyo kazi yangu. Pale sikuwa na neno. Kwa maana najua walipo. Wako Pwani, wamechanganyika nasi, na baadhi yao hata leo tukigombana huambiwa kwamba hawana kwao. Tumewasimulia watoto wetu habari za babu waliokwenda bara wakawa mashujaa. Hatukuwasimulia habari za waliokuja nao wamefungwa. Kitabu kimoja kina kurasa mbili, nasi tumezoea kusoma moja.

Nilimwambia bibi yule: "Kukhu, wapo. Ni ndugu zetu." Akaniangalia kitambo. "Basi waambie," akasema, "kwamba huku kuna watu wanaowahesabu." Akarudi kwenye maharagwe yake.

KILICHOBAKI

Jioni nilitembea na mzee hadi sokoni. Akina mama walikuwa wakiuza ndizi na nyanya, kijana akiziba pancha ya baiskeli, na trekta moja la miwa likapita likiacha vipande njiani, watoto wakikimbilia kuokota. Nilisikia Kiwanga, nikasikia Kidholuo cha majirani wa upande wa Siaya, na katikati yao Kiswahili kikipita kama chumvi ndani ya mchuzi. Lugha hiyo haikuletwa na shule wala na redio. Ilikuja na wapagazi, ikakaa.

Hilo ndilo lililonipa faraja. Pembe zilikwenda, hazikurudi. Reli ilipita kwingine. Sukari imepanda na kushuka. Lakini neno la amani, msikiti wa Mumias, kanisa na hospitali ya wamisheni wa Kikatoliki, ukoo wa Nabongo wenye makaburi yao kule Matungu, na mkulima anayeamka alfajiri kutazama kama mvua ya jana imeingia shambani, vyote hivyo vipo. Wageni wa biashara waliuita mji huu kwa majina yao mbalimbali. Walioufanya uwe mji ni wale waliobaki ndani yake wakati wa ukame.

Nasi wa Pwani tuna deni. Tukiandika historia ya misafara, tuwaandike waliobeba mizigo, na waliokuwa wao wenyewe ndio mzigo. Wazee wanaojua habari hizo, huku na kwetu, wanapungua kila mwaka. Mwenye kalamu na asichelewe.

Niliporudi nyumbani, mdogo wangu aliniuliza kwa mzaha wa siku zote: "Ulikwenda Kwa Shiundu?" Nikamjibu: "Nilikwenda, na nimetumwa salamu." Kisha nikakaa nikaandika ubeti huu:

Nilipofika Musanda, jua lataka kushuka,
Misafara ilokwenda, nyayo hazijafutika,
Mali huja ikaenda, utu ndio wa kuweka,
Mji ni wa wanopanda, si wa wenye kuondoka.