Kwa Nini Urais ni Kazi Ngumu?

Mwanafunzi, unapojibu swali kuhusu uongozi katika *Kigogo*, usikomee kumkashifu Majoka. Jiulize kwanza: kuongoza kuna ugumu gani?

Chukua mfano wa Kakamega. Mkulima wa miwa wa Mumias humtaka Rais azuie sukari ya kutoka nje ili miwa yake ipate bei nzuri. Mama anayenunua sukari sokoni hutaka iwe ya bei nafuu. Wote wawili ni raia, na kila mmoja ana hoja. Rais akimridhisha huyu, yule huumia.

Isitoshe, Rais wa Kenya hatendi atakavyo. Katiba ya 2010 humpa siku 14 za kutia sahihi mswada au kuurejesha bungeni. Mnamo tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais. Juni 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alikataa kutia sahihi Mswada wa Fedha.

Sasa mtazame Majoka. Anafunga Soko la Chapakazi bila kujali wachuuzi watakula nini. Kwake kuongoza ni rahisi, hadi akina Tunu na Sudi wanapomkabili.

Hapo ndipo penye hoja yako: sehemu kubwa ya ugumu wa urais ni ngao ya raia. Kazi hiyo ikiwa rahisi mno kwa kiongozi, mzigo wake hubebwa na wananchi.